Sura ya Nane: Gari Lililofunga Saumu

"Kwani, Baba Alamin, hilo gari lako huku nyuma limefunga saumu?"

Bi Husna alimwuliza jirani yake swali hilo mwaka juzi, akiwa amesimama upande wake wa ukuta na beseni la nguo kiunoni. Luqman, Mungu amrehemu, alikuwa ameshuka garini na kopo la maji na kitambaa, anafuta kioo cha nyuma kwa mkono kama alivyofanya kila siku ya matope. Waipa ya nyuma ilikuwa nzima. Maji ndiyo yaliyokuwa hayatoki. Wala hakukasirika. Alisema, "Limefunga, Bi Husna. Tena hili halina Idi."

Wakacheka, kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Siku sabini na moja zilizopita Luqman akafa kwa moyo, na maneno yale yangelikwenda naye kaburini kama Bi Husna angelikuwa mtu wa kusahau maneno. Asubuhi hii alimsimulia Koplo Twaiba, mpelelezi, huku akimmiminia chai. Alisimulia ili aonyeshe marehemu alivyokuwa mtu wa maskhara. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Twaiba hakucheka. Alikiweka kikombe chini.

"Mpaka anakufa, Bi Husna, maji yalikuwa hayatoki?"

"Mpaka anakufa. Wiki ile ile nilimwona na kopo lake."

"Na tangu afe, gari limetoka?"

"Litoke liende wapi, mwanangu? Liko chini ya turubai pale. Mkewe Fauzia yuko eda. Mwenye gari yuko Peponi, inshallah."

Twaiba alitazama ukuta. Ng'ambo yake mti wa ndimu uliinamisha matawi, na chini ya matawi ulionekana mgongo wa turubai la buluu.

Siku kumi na mbili nyuma, alasiri ya Ijumaa, mvua ikiwa imekatika punde, lori lilizama matopeni katika njia ya udongo iendayo Bodo. Gari jeupe lililokuwa likija nyuma ya lori likakosa pa kupita, likaanza kurudi kinyumenyume. Kanze, msichana wa miaka kumi na tisa, alikuwa ameinama njiani anaokota ndimu zilizomwagika kapuni mwake. Gari likampitia, likamwua. Likageuka, likashika barabara kuu, likatokomea. Nambari zilikuwa zimejaa matope, hakuna aliyezisoma. Muuza madafu aliyekuwa kando ya lori aliona jambo moja tu, nalo alilisema mara tatu bila kubadilisha neno: waipa ya nyuma ilikuwa ikienda bila tone la maji, inapaka matope huku na huku, mpaka kioo kikawa kama ukuta uliokandikwa.

Kutokana na neno hilo Twaiba alifanya kosa, na alilifanya mbele ya watu mia mbili. Alisimama katika baraza la chifu akasema, "Natafuta gari jeupe ambalo kitundu cha maji ya kioo cha nyuma kimeziba. Mwenye kulijua na aseme." Kesho yake hapakuwa na gari jeupe lililoziba toka Msambweni mpaka Ramisi. Mwenye hatia na asiye na hatia, wote walishika pini. Fundi mmoja wa Ukunda alimwambia kwamba alizibua magari saba siku moja, na mawili katika hayo yalikuwa mekundu.

Moja tu ndilo lililobaki limeziba, la mchukuzi wa samaki aitwaye Nzai, ambaye siku ya baraza hakuwapo. Twaiba mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu.

"Koplo," Nzai alimwambia siku ile, "mimi napakia samaki. Samaki hawajaniuliza hata siku moja nyuma kuna nani." Alipoulizwa Ijumaa ile alikuwa wapi, alisema alikuwa Shimoni akingojea mashua itoke Mkwiro. Mashua haikuja, kwa hiyo hapakuwa na wa kumshuhudia. Mahakama ya Kwale ikawapa polisi siku saba za kumzuia. Siku hizo zinakwisha kesho, na mkuu wa kituo amekwisha kusema: "Saa tatu asubuhi Nzai anasomewa shitaka la kuua. Kama unalo jina jingine, lilete leo."

Twaiba aliinuka, akamshukuru Bi Husna kwa chai, akatoka.

Konstebo Absalom alikuwa anamngojea nje karibu na lango, kando ya gari la polisi. Alikuwa mtu wa bara, miaka minne pwani, na jua bado lilikuwa linamgombeza.

"Tunaingia?" aliuliza.

"Mimi naingia. Wewe utaishia uani. Mwenye nyumba yuko eda, hakai na mwanamume asiyekuwa maharimu wake."

"Na kama ni sheria?"

"Na mimi ni nani, afande? Si sheria?"

Waliingia uani kwa marehemu. Twaiba alibisha hodi dirishani, akatoa salamu, akaeleza shida yake. Aliomba kulitazama gari la marehemu. Pazia halikufunguka. Baada ya kitambo mkono mmoja mweupe usio na hina ulipita chini ya pazia ukiwa na ufunguo.

"Litazameni," sauti ya Bi Fauzia ilisema. "Mkimaliza lifunikeni, tafadhali. Majani ya ndimu yanalichafua."

Waliliondoa turubai. Lilikuwa gari jeupe la mlango mmoja wa nyuma, ule wa kufungulia juu, nalo lilikuwa safi kupita gari la mtu aliye hai. Absalom aliingia, akatia ufunguo. Injini ikaitika mara ya kwanza.

"Madam!" alichomoza kichwa. "Betri iko fiti kabisa. Gari ikae siku sabini na betri isikufe? Hii imekuwa ikitembea!"

Sauti ikatoka dirishani bila kuulizwa: "Mwanangu huliwasha kila Ijumaa, lisife. Hapo hapo uani."

Absalom alishuka. Aliinama nyuma ya gari, akapitisha mkono chini ya bampa, akatoka na kitu kilichokauka, cheusi, kigumu kama jiwe.

"Ndimu," alinong'ona, macho yamemtoka. "Ndimu, Madam! Kanze alikuwa na ndimu."

Twaiba alinyoosha kidole juu. Absalom aliutazama mti, akatazama chini, akaziona nyingine kumi zimekauka miguuni pake. Aliitupa ile aliyoishika.

"Basi hakuna kitu," alisema.

"Rudi ndani. Vuta kile kijiti cha maji ya nyuma."

Pampu ilinguruma mle ndani ya mlango, na maji yakatoka. Yalitoka kwa nguvu, ila hayakuangukia kioo. Yalikwenda upande, yakampiga Twaiba begani, yakalowesha ukuta wa Bi Husna. Gari ambalo maisha ya mwenyewe yote lilikuwa limefunga, sasa limefungua. Na limefungua kombo.

"Zima."

Alikisogelea kitundu. Kilikuwa juu ya kioo, kidogo kama jicho la dagaa. Pembeni yake plastiki nyeusi ilikuwa na mikwaruzo mipya, mingi, ya mtu aliyechokoa kwa pupa. Fundi wa Ukunda alikuwa amemweleza kwamba fundi hachokoi: hung'oa mpira wa maji, hupuliza kwa upepo wa kompresa, uchafu ukatoka ulikoingilia. Anayechokoa kwa nje ni mtu wa nyumbani, tena hujisukumia takataka ndani.

Twaiba alizungushia kitambaa ncha ya bisibisi, akakibenjua kile kitundu polepole, kikatoka chote na mpira wake. Akauchomoa mpira. Alikuwa na kipande cha mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa nailoni. Akaupitisha kwa upande wa ndani, akausukuma, ukakwama. Akausukuma tena huku akimtaja Mola wake. Kwanza lilitoka tope jekundu lililoganda. Kisha kikaanguka kiganjani mwake kitu kinachong'aa, kifupi kuliko punje ya mchele.

Absalom aliinama. "Waya?"

"Ncha ya sindano."

"Pini ya ofisini?"

"Nimesema sindano. Tena si ya kushonea nguo. Hii ni nyembamba mno."

Alikifunga kile kipande katika karatasi, akaandika tarehe na saa, Absalom akatia saini. Halafu wakasimama wakatazamana.

"Hiyo inatosha?" Absalom aliuliza.

"Haitoshi. Wakili atasema: mama wa watu alisikia maneno ya baraza, akaogopa kama walivyoogopa wengine, akazibua. Na mimi ndiye niliyewaogopesha." Alifuta mikono. "Ninachokitaka ni neno moja tu, nani alilitoa gari hapa Ijumaa ile. Anayelijua yuko nyuma ya pazia hilo."

Alivua viatu mlangoni, akaingia.

Bi Fauzia alikuwa ameketi mkekani, amevaa gauni la kijivu lisilo na ua, macho hayana wanja. Mapajani alikuwa na kofia ya mkono, nusu imekwisha nusu bado. Anatoboa, anazungusha uzi, anakaza, anatoboa tena, vitundu vidogo vimejipanga kama vya sega la nyuki.

"Shikamoo, Bi Fauzia. Mungu akupe subira."

"Marahaba, mwanangu. Amina. Kaa."

Twaiba aliketi. Palikuwa na harufu ya nyumba isiyofukizwa udi siku nyingi.

"Kofia ya nani, nzuri hivi?"

"Ilikuwa ya marehemu. Alikufa iko nusu. Sasa naimaliza kwa kuwa sijui kuacha kitu nusu."

"Mwanao Alamin yuko wapi?"

"Hayupo."

"Tangu lini?"

"Tangu kesho yake ya baraza lako."

Alisema vivyo hivyo, sindano haikusimama. Twaiba aliendelea kwa utaratibu.

"Sindano zako za kofia huja ngapi katika karatasi?"

"Sita."

"Naomba nizione."

Bi Fauzia alivuta kikapu, akatoa karatasi nyeusi. Nne zilikuwa zimechomekwa. Ya tano ilikuwa mkononi mwake.

"Ya sita?"

"Ilivunjika."

"Ilivunjikia wapi?"

Nje Absalom alikuwa analirudisha turubai, kamba zake zikigonga bati.

"Bi Fauzia, mimi nimelelewa na bibi mshona kofia. Sindano ikivunjika hakuitupa. Nyumba ya watu waendao pekupeku haitupi sindano. Alikuwa na kichupa chake. Wewe chako kiko wapi?"

Mama yule alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa makavu, yamechoka, lakini hayakukimbia. Alipeleka mkono dirishani, akachukua kichupa cha wanja kilichokwisha, akakitikisa kiganjani. Vikatoka vipande vinne vitano vyenye kutu, na kimoja kisicho na kutu. Kilikuwa na jicho, kilikuwa na kiwiliwili, ncha hakina.

Twaiba alifungua karatasi yake. Aliweka kipande kando ya kipande juu ya mkeka. Vikakubaliana kama vilivyotoka kiwandani.

"Ni mimi niliyezibua," Bi Fauzia alisema.

"Najua. Lini?"

"Baada ya baraza. Husna alinihadithia, na alipokwisha kuhadithia alikwenda kwake kupika. Nikatoka uani nikazibua. Haikuzibuka upesi. Sindano ikavunjikia mle mle."

"Gari lililokuwa halijatoka uani, kwa nini ulihangaikie?"

"Niliogopa."

"Ulimwogopea nani?"

Bi Fauzia alirudi kwenye kofia yake. Akatoboa. Akazungusha.

"Ijumaa ile Husna alikuwa wapi?" Twaiba aliuliza.

"Alikwenda Vanga harusini. Alirudi Jumapili."

"Kwa hiyo hakuliona likitoka."

"Hakuliona."

"Wala hakuliona likirudi, kioo kimepakwa matope kama ukuta. Aliyeliona likirudi ni mtu mmoja. Alikuwa humu ndani, dirishani hapa."

Sindano ilisimama.

"Mama," Twaiba alisema, na sasa hakusema kwa sauti ya kituo, "Nzai ana mama pia. Yuko Bodo, mgonjwa wa miguu. Kesho saa tatu mwanawe atasomewa shitaka la jambo asilolifanya. Nakuomba neno moja. Nani alikuwa ameshika usukani?"

"Mimi."

Twaiba alidhani hakusikia. "Nani?"

"Mimi. Andika. Mimi Fauzia nililitoa gari, nilikwenda njia ya Bodo, nilirudi nyuma, sikuona. Andika hivyo, umtoe mtoto wa watu ndani."

"Bi Fauzia, wewe hujapata kushika usukani maishani mwako."

"Nani atasema?"

"Bi Husna atasema. Mtaa mzima utasema."

"Watasema hawajaniona nikiendesha. Hawatasema wameniona nisiendeshe Ijumaa ile. Husna alikuwa harusini, wewe mwenyewe umehakikisha sasa hivi."

Miaka tisa ya kazi, na leo Twaiba amempangia mtu mwingine matofali ya kujengea uongo wake. Alijua mkuu wa kituo atakavyoipokea karatasi hiyo: sindano ipo, gari lipo, mwenye kukiri yupo, funga faili. Hatauliza kama mama yule anaijua klachi. Na Alamin, kama aliondoka kesho yake ya baraza, amekwisha kuvuka mpaka zamani, yuko Tanga au mbele ya Tanga, anakula kwa wajomba.

Alisimama. Juu ya kabati palikuwa na Msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Hakuugusa. Hakuwa na udhu, tena aliona haya. Aliuonyesha kwa macho tu.

"Utaapa?"

Rangi ilimtoka Bi Fauzia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Twaiba aingie kuona kitu kikimpata mama yule.

"Kuapa sitaapa," alisema taratibu. "Usiniambie niape. Kutia saini nitatia. Kukaa huko mtakakoniweka nitakaa."

"Mahakamani watakutaka uape."

"Basi hapo nitanyamaza."

"Ukinyamaza, kesi itakufa. Nzai ametoka, wewe huna hatia, Alamin hayupo. Na mama yake Kanze, je? Huja kituoni kila asubuhi, Bi Fauzia. Hataki fidia, hataki mtu anyongwe. Huketi kwenye benchi anauliza, 'Mmelipata jina?' Kila siku hilo hilo. Leo nikirudi atakuwa pale. Nimpe jina gani?"

Midomo ya Bi Fauzia ilikuwa inakwenda bila sauti, na Twaiba alimwacha, kwa kuwa alijua kumtofautisha mtu anayesoma dua na mtu anayetafuta uongo.

"Mpe langu," alisema mwisho.

"Ni la uongo."

"La mwanangu sitakupa. Nimemzika baba yake, leo siku sabini na moja. Nimekwisha toa."

"Kanze pia alikuwa wa mtu."

"Najua. Unadhani nakaa hapa sijui?" Sauti ilipanda kidogo, ikashuka. "Usiku na mchana namwombea mtoto yule, kwa jina lake. Kanze, Kanze. Kwani wewe ulidhani nimefanya nini siku hizi kumi na mbili?"

Twaiba alitafuta neno jingine. Alikuwa na maswali ya kazi, mengi, yamepangwa vizuri: nani alikuwa na ufunguo, matope yalioshwa na nani, simu ya Alamin ilizimwa wapi. Aliyapitia moja moja kichwani, na kila moja likaishia kwa mama huyu huyu aliyeketi na kofia ya maiti.

"Umebakiwa na siku hamsini na tisa za eda," alisema. "Usizikate kwa jambo hili. Kaa. Nitarudi alasiri, ufikirie."

Alasiri haikuwa na maana yoyote, na wote wawili walilijua hilo.

Bi Fauzia alichomeka sindano kwenye karatasi, ya tano pamoja na zile nne. Akaikunja kofia mara mbili, akaiweka juu ya kabati kando ya Msahafu. Vile vipande vyenye kutu alivirudisha kichupani, akakifunga, akakirudisha dirishani, mtu asije akachomwa. Kile kisicho na kutu alikiacha mkekani mbele ya Twaiba. Kisha akatwaa buibui lake msumarini, akalivaa, akajifunika uso, akatia miguu katika viatu ambavyo vumbi lilikuwa limevikalia tangu siku ya mazishi.

"Bi Fauzia."

Mama yule alikwisha kuvuka kizingiti. Absalom, kamba ya turubai mkononi, alirudi nyuma kumpisha bila kujua kwa nini. Upande wa pili wa ukuta Bi Husna alikuwa anaanua nguo. Alimwona jirani yake juani, akaangusha shuka, akaita, "Fauzia! Wewe! Wendapi na eda yako?"

Fauzia alipita chini ya mti wa ndimu, akafungua lango, akaenda kusimama penye gari la polisi, akakishika kitasa cha mlango, akangoja wamfungulie wampeleke.